Mfupa wa paja

Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini mwa binadamu; huchukua takriban robo ya kimo cha mtu mzima. Kichwa chake cha mviringo huingia kwenye tundu la nyonga, na ncha ya chini hukutana na mfupa wa muundi gotini. Ukipasuliwa kwa urefu, huonekana ganda gumu nje na uboho ndani. Kwenye ncha zake mna vijiti vyembamba vya mfupa vilivyopangika kufuata njia ya uzito, mpangilio wa kustaajabisha kweli.

Tumboni mwa mama huanza kama gegedu, kisha hugeuka mfupa kuanzia katikati. Urefu huongezwa na sahani za ukuaji zilizo karibu na ncha. Ile ya gotini pekee huleta takriban asilimia 70 ya urefu wake. Kwa hiyo mtoto aliyevunjika hapo afuatiliwe kwa muda mrefu hata mfupa ukishaunga, maana sahani iliyojeruhiwa huweza kuuacha mguu mfupi au umepinda. Mwishoni mwa balehe homoni ya estrojeni huzifunga sahani hizo, kwa wavulana pia, ingawa wasichana hutangulia.