Mwarobaini au mmelia? Usikosee mti

Huo mti unaochuma majani ukaenda kuyachemsha, una uhakika ni mwarobaini?

Wataalamu wa mimea wanauita Azadirachta indica. Ana ndugu yake wanayefanana sana, mmelia, au Melia azedarach, ambao nao unapandwa sana kwa kivuli. Matunda ya mmelia yana sumu. Mtu akiyala anaweza kutapika, kuharisha, kupata degedege na hata kufa.

Kuichanganya miti hii hakujaanza leo. Neno Azadirachta limetoka kwenye Kiajemi, azad dirakht, maana yake "mti huru". Kumbe kwa Waajemi mti huru ni mmelia! Mwarobaini wao wanauita mti huru wa India.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi, aliipa miti yote miwili jina hilohilo la Kiajemi kwa tahajia tofauti kidogo tu: mmoja Melia azadirachta, mwingine Melia azedarach. Miaka ya 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu akautenga mwarobaini na kuupa jina unalotumia mpaka sasa.

Jina letu la Kiswahili nalo halisaidii sana. Linausifu mti kwamba unatibu magonjwa 40, halisemi unafananaje.

Kwa hiyo angalia jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja, vijani vimejipanga pande mbili, kingo zina meno kama msumeno. La mmelia kikonyo chake kinagawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, ndipo vijani vinaota. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo, la mmelia ni la mviringo na hubaki mtini hata majani yakipukutika.

Mkoani Mara kazi ni ngumu zaidi, maana kuanzia Tarime hadi Nyambureti kuna lugha kibao na kila moja ina majina yake ya miti. Hata mti wa "kikombe cha Babu" wa Loliondo, uliojaza magari barabarani mwaka 2011, Wasonjo wanauita mugariga, Wamasai olamuriaki. Kwenye vitabu utaukuta kama Carissa edulis au Carissa spinarum. Majina manne, mmea mmoja.

Ndiyo maana watafiti, kama wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, hawaishii kwenye jina wanaloambiwa na mganga. Tawi linakatwa, linabanwa, linakaushwa, kisha linalinganishwa na sampuli zilizohifadhiwa.

Ukitaka kumtumia mtaalamu picha kwa simu, usipige jani moja lililodondoka. Piga tawi zima, maua, matunda na gome, na uandike mti uko wapi na wenyeji wanauitaje.