Ufukwe Maana Yake Nini?

Mtu wa Bondeni kule Kyela akikutana nawe saa nane mchana akakusalimu "ugonile", haulizi habari za usingizi, ingawa neno lenyewe latokana na kulala. Anakusudia kukujulia hali, nawe unamwitikia "ndaga". Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice aliliweka jambo hilo wazi mwaka 1957: maana ya msemaji ni kile alichokusudia msikilizaji akitambue. Wapinzani wake wakajibu kwamba maneno ni mali ya wote, na msemaji hawezi kuyageuza apendavyo.

Tusidhani haya ni mabishano ya vyuo vikuu tu. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba mjini Berlin. Waliandika kuwa mpaka utafuata ufukwe wa Ziwa Nyasa, mashariki, kaskazini na magharibi, hadi mdomo wa Mto Songwe. Malawi inashika neno: ufukwe ni ufukwe. Kwa tafsiri hiyo, mvuvi wa Matema akiingiza miguu majini ameshavuka mpaka!

Tanzania, katika barua ya Januari 1967, ilishikilia kuwa mpaka unapita katikati ya maji. Watetezi wa msimamo huo hukumbusha kuwa ibara ya 6 ya mkataba huohuo iliruhusu mipaka irekebishwe kwa makubaliano, kufuatana na mahitaji ya mahali. Aidha, Wajerumani walishusha ziwani meli yao, Hermann von Wissmann, mwaka 1893. Je, walikusudia kweli kuishia mchangani? Lakini wengine watasema kuwa kupita majini si kuyamiliki.

Mwaka 2012 mgogoro uliibuka upya, na marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaingia kusuluhisha. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 unaagiza kuanza na maana ya kawaida ya maneno, katika muktadha na shabaha yake. Kumbukumbu za waandishi huja baadaye.

Lakini kuna swali moja: waandishi wa 1890 walikuwa wakisema na nani? Walisemezana wao kwa wao. Wanyakyusa, Wakisi na jirani zao wa ng'ambo hawakuwa wasemaji wala wasikilizaji. Tukichambua makusudio ya marehemu hao mpaka kesho, hatutamkuta mvuvi humo. Basi, heri walio hai wakae wasemezane, kila mmoja aseme anachokusudia, na mwenzake aelewe.