Saa ya uzazi wa panya: kutoka maabara hadi Galula

Mkulima wa Galula akikuta mbegu za mahindi zimefukuliwa, hahitaji kuambiwa: ni panya. Ila vita hiyo ilianza miezi kadhaa nyuma, ndani ya korodani za panya wenyewe.

Mwaka 1865 Mtaliano Enrico Sertoli alieleza seli zinazolea mbegu za kiume. Mwaka 1957 Clermont na Perey, huko Kanada, walizihesabu katika panya wachanga wa maabara: huongezeka kwa wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa, kisha basi. Idadi hiyo ndiyo inayopanga dume atatoa mbegu kiasi gani.

Hao ni panya wa kulishwa. Panya shamba wetu je? Miaka ya 1990 Herwig Leirs na wenzake, wakitega Morogoro, walionyesha kuwa panya waliozaliwa mvua zikiisha hukaa miezi bila kukomaa. Mvua mpya ikiotesha majani, ndipo wanapevuka. Vuli ikinyesha sana, wanaanza kuzaa mapema, na mlipuko hufuata.

Galula ina msimu mmoja tu wa mvua, lakini somo ni lile lile. Ukingoja mashimo ndipo ununue sumu, ndugu yangu, umeshachelewa. Hesabu mvua kwanza.