Kuaga Ulingo, Kurudi Ulingoni

Usiku wa tarehe 2 Aprili 2017, katika uwanja wa Camping World mjini Orlando, mwanamieleka wa maonyesho Undertaker alivua glavu zake, koti lake refu na kofia yake nyeusi, akaviacha katikati ya ulingo, akaondoka. Alikuwa ametoka kushindwa na Roman Reigns. Watu wazima walilia hadharani, na vyombo vya habari vikaandika kwamba Mark Calaway, aliyebeba jina hilo tangu 1990, ametundika daluga. Mwaka uliofuata, mwezi huohuo wa Aprili, alikuwa New Orleans akimtwanga John Cena kwa muda usiofika dakika tatu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa Jeddah akipambana tena.

Ishara ile ya kuacha vazi ulingoni wanamieleka wa maonyesho waliiazima kwa wenye mieleka ya kweli. Katika Olimpiki ya Athens, Agosti 2004, Mmarekani Rulon Gardner alishinda medali ya shaba, akaketi chini, akafungua kamba za viatu vyake na kuviacha pale kwenye mkeka. Huyo ndiye aliyekuwa amemwangusha Mrusi Aleksandr Karelin kule Sydney mwaka 2000. Kati ya wanamieleka wa Olimpiki, viatu vikibaki mkekani maana yake ni moja tu: mwenyewe amemaliza. Tena hata Gardner alijaribu kurudi mwaka 2012, ila mizani ikamkatalia. Basi kama aliyeaga kwa moyo mweupe huweza kujaribu kurudi, je, yule ambaye machozi yake yako ndani ya mkataba?

Nikifuata njia hii kurudi nyuma nafika Chicago, mwanzoni mwa karne ya 20. Frank Gotch wa Iowa alimshinda George Hackenschmidt mwaka 1908, akamshinda tena mwaka 1911 katika uwanja wa Comiskey mbele ya maelfu ya watu. Baada ya hapo mshindi aliaga mieleka zaidi ya mara moja, na kila alipoaga magazeti yalipata habari na mapromota wakapata cha kutangaza. Aliyeshindwa ndiye aliyeondoka kweli. Hackenschmidt aliachana na ulingo, akageukia kuandika vitabu vya falsafa, akafariki London mwaka 1968. Mpaka leo simjui aliyestaafu vizuri kuliko yeye.

Baadaye Marekani iligawanywa vipande, kila promota na himaya yake, na mwaka 1948 mapromota hao wakaunda umoja wao, NWA, ili wasiingiliane. Mwanamieleka alikaa mji mmoja miezi kadhaa, watazamaji wakamchoka, akahamia kwingine. Lakini siri ya kazi, kwamba mapambano yalipangwa, haikuruhusu mtu aambiwe kwamba fulani amepata mkataba mnono zaidi Texas. Ndipo likatumika sana pambano la anayeshindwa kuhama mji. Mtazamaji alilipa kiingilio kushuhudia mtu akifukuzwa, kumbe mtu mwenyewe alishafunga mizigo. Wengine hata hawakuhama. Dusty Rhodes alifukuzwa Florida mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muda si muda akatokea jamaa mwenye barakoa anayejiita Midnight Rider, mwenye tumbo lilelile, mwendo uleule na sauti ileile. Ukumbi mzima ulimjua. 

Kwa mtindo huo jukwaa lilikuwa likifunika habari ya kweli. Januari 1993 Ric Flair alishindwa na Mr. Perfect kwenye televisheni katika pambano la anayeshindwa kuondoka kampuni ya WWF, na kweli akaondoka kurudi kampuni pinzani ya WCW. Matokeo yalipangwa, safari haikupangwa na mwandishi yeyote. Wanaouliza kama kuondoka fulani ni igizo au ni kweli husahau kwamba mara nyingi ni vyote viwili.

Flair huyohuyo alikuja kuwa bingwa wa kuaga. Oktoba 1994 alipoteza mbele ya Hulk Hogan katika pambano la kuhatarisha kazi yake yote, akarudi 1995. Machi 2008 Shawn Michaels alimshinda Orlando, na usiku uliofuata kampuni ikamfanyia hafla ambayo hata wagumu wa moyo walilia. Mwaka uliofuata alikuwa akipambana na Hogan katika ziara ya Australia. Pambano alilolitangaza kuwa la mwisho kabisa lilifanyika Nashville tarehe 31 Julai 2022, akiwa na miaka 73. Simlaumu kwa kupenda ulingo. Lakini ile hafla ya 2008 aliwauzia watu, kisha akaichukua tena mikononi mwao.

Japani walikuwa wamekwisha kuonja hayo. Tarehe 31 Agosti 1983, Tokyo, Terry Funk aliagwa kwa heshima kubwa, mashabiki vijana wakilia kwa kwikwi. Mwaka 1984 haujaisha akawa amerudi. Septemba 1997 akaaga tena nyumbani kwake Amarillo, Texas, kwa kupambana na Bret Hart. Desemba ya mwaka huohuo alikuwa WWF, soksi ya kike imemfunika uso, akijiita Chainsaw Charlie. Funk aliaga mara nyingi hata kuaga kwake kukawa utani, na watu wakamsamehe, maana kila aliporudi alivuja damu halisi.

Tofauti ninayoiona kati ya kuaga kwa igizo na kuondoka kweli iko kwenye kelele. Mwaka 2011 CM Punk alitangaza kwamba mkataba wake unaisha, akashinda mkanda wa ubingwa kando ya Chicago tarehe 17 Julai na kutoroka nao huku kampuni ikijifanya imechanganyikiwa. Siku nane baadaye alikuwa kwenye televisheni. Januari 2014 aliondoka kweli, siku moja baada ya shindano la Royal Rumble, bila hotuba wala muziki, na hakupigana pambano la mieleka ya kulipwa kwa zaidi ya miaka saba.

Shawn Michaels naye alifanya yote mawili. Februari 1997, Lowell, Massachusetts, aliachia mkanda kwa machozi, akisema goti limeharibika na tabasamu lake limepotea. Bret Hart, aliyetarajia kumshinda mwezi uliofuata, hakuamini hata chembe, na miezi michache haikupita Michaels akarudi kupambana. Januari 1998 mgongo wake ukaumia alipoangukia jeneza katika pambano na Undertaker. Machi akampotezea Steve Austin mkanda, akakaa miaka minne bila kupambana WWF. Safari hiyo hakutoa hotuba.

Austin mwenyewe aliondoka kimya zaidi. Shingo yake iliumizwa na Owen Hart mwaka 1997. Tarehe 30 Machi 2003, Seattle, alishindwa na The Rock baada ya kulala hospitali usiku wa kuamkia pambano. Watazamaji hawakuambiwa kwamba wanaona pambano lake la kuaga, na alikaa miaka 19 kabla ya kupigana tena.

Na gharama ya kuzoesha watu uongo ilionekana Kansas City tarehe 23 Mei 1999, Owen Hart alipoanguka kutoka darini akiwa anaingia ulingoni kwa mbwembwe. Mtangazaji Jim Ross ilibidi awaeleze waliokuwa nyumbani kwamba hilo si sehemu ya onyesho. Owen alifariki usiku ule.

Hata cheti cha daktari si neno la mwisho. Edge aliagwa 2011 kwa sababu ya shingo, akarudi Januari 2020. Daniel Bryan aliaga kwa machozi Seattle mwaka 2016, na 2018 madaktari wakamruhusu. Hao wawili siwaiti waongo, kwa sababu walipoaga waliamini wanachokisema. Michaels ninamwona tofauti. Aliaga Machi 2010 na kutimiza ahadi yake kwa miaka minane, hadi alipotokea Riyadh Novemba 2018, fedha zilipokuwa nyingi mno, katika pambano ambalo Triple H alichanika msuli wa kifua.

Sasa yuko John Cena. Alitangaza kuaga kwake Toronto Julai 2024, akazunguka mwaka mzima, na tarehe 13 Desemba 2025, Washington, akasalimu amri mbele ya Gunther, mtu anayebaki kazini. Kwa mwenendo wa ulingo, anayeondoka kweli humwachia ushindi anayebaki. Kwa hiyo Cena ninamwamini, zaidi ya nilivyowahi kuliamini koti la Undertaker. Ila Septemba 2025 ilitangazwa kwamba onyesho kubwa la WrestleMania la 2027 itafanyika Riyadh.