Vyakula vya kienyeji na majira yake: Kupika, kula na kuweka akiba nyumbani

IFIKAPO mwezi wa Mei, mboga za kienyeji huota hata pale ambapo hakuna aliyezipanda. Mchicha hujitokeza kando ya vijia, mnavu huchipuka katikati ya mahindi, nazo kunde hutanda shambani hadi mwenyewe akachoka kuzichuma. Nyingine huachiwa mbuzi, na nyingine huozea papo hapo. Mwezi wa Februari, familia iyo hiyo hushika njia kwenda sokoni kununua fungu dogo la sukuma wiki, tena kwa bei inayouma.

Kati ya miezi hiyo miwili ndipo unapopimwa ustadi wa mpishi wa nyumbani. Mabibi zetu hawakuwa na jokofu wala duka la jumla, lakini walijua kila chakula kinapowadia, namna kinavyofaa kupikwa kikiwa kibichi, na jinsi ya kukivusha hadi msimu wa uhaba. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Makala haya yanaeleza vyakula vya kawaida vya jikoni mwa Mkenya kwa kufuata majira ya mwaka, pamoja na mbinu za kuvipika na kuvihifadhi.

Maarifa haya si jambo la kupuuzwa. Mnamo 1999, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha kitabu kuhusu mimea ya vyakula vya asili nchini, kilichoandikwa na Patrick Maundu na wenzake. Kwa miaka mingi, Prof Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amekuwa akitafiti mboga za Kiafrika na kuhimiza kilimo chake. Mwaka wa 2021, shirika la UNESCO liliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda turathi za kitamaduni.

MAJIRA MANNE

Mwaka katika sehemu kubwa ya Kenya hugawika mara nne. Masika ni mvua ndefu za Machi hadi Mei. Kipupwe ni baridi ya Juni hadi Agosti au Septemba. Vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, nacho kiangazi ni jua kali la Januari na Februari.

Hata hivyo, majira haya hayalingani kila mahali. Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa na sehemu kadhaa za magharibi, mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Katika Ukambani, mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli. Kwa hivyo, shibe ya jirani huenda ikawa njaa yako, na ndiyo maana kila jamii ilibuni njia zake za kuweka akiba.

MASIKA: WAKATI WA MBOGA

Mvua za kwanza huleta kumbikumbi magharibi mwa nchi. Hawa hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, kisha huliwa pamoja na ugali. Uyoga nao huibuka ardhini, lakini mtu asichume asioujua vyema, kwani baadhi yake huua.

Wiki chache baadaye mboga hufuata: mnavu, ambao wengi sokoni huuita managu, mchicha au terere, mgagani, maarufu kama saga, mlenda, mitoo, majani ya kunde na majani ya maboga. Mboga hizi zina madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi, pamoja na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A.

Wapishi wengi huchemsha mnavu na mgagani kwa muda mrefu, kisha wakayamwaga maji ili kupunguza uchungu. Kufanya hivyo hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C na virutubishi vingine vinavyoyeyuka majini. Njia bora ni kuchanganya mboga chungu na isiyo chungu, mathalan mnavu na mchicha, na kuzipika kwa maji kidogo. Zikiisha kulainika, hutiwa maziwa au malai na kuachwa kwenye moto mdogo zikolee. Katika jamii za magharibi, chungu cha mboga za aina hii huongezwa maziwa na kupashwa moto tena siku inayofuata, na wengi hukiri kwamba ladha ya siku ya pili huishinda ya kwanza.

Maziwa hayo si ya ladha pekee. Vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe mwilini. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu na chumvi humfaidi mlaji kidogo kuliko ile iliyotiwa malai, tui, karanga za kusaga au kijiko cha mafuta.

Mlenda hutaka mkono wa aina nyingine. Aghalabu huchanganywa na majani ya kunde na kutiwa munyu wa kienyeji, yaani maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe au mabua makavu. Munyu hulainisha majani magumu. Kiasi kidogo hutosha; ukizidi, mboga huwa na ladha ya sabuni.

Masika pia ni wakati wa maziwa, kwa kuwa malisho yamejaa. Wakalenjin huyatia maziwa ndani ya vibuyu vilivyopakwa unga wa makaa ya miti maalumu, wakayaacha yagande kuwa mursik. Wafugaji wa kaskazini hukata nyama vipande vidogo, wakaikausha na kuikaanga, kisha wakaihifadhi ndani ya samli. Nyama hiyo, nyirinyiri, hukaa muda mrefu bila kuharibika.

KIPUPWE: MAHARAGWE NA MAHINDI MABICHI

Baridi inapoingia, maharagwe ya masika huwa yamekomaa katika eneo la kati, na mahindi mabichi hufuata. Huu ndio wakati wa githeri bora kuliko zote. Mahindi na maharagwe mabichi huiva upesi, hivyo kuni au gesi huokolewa. Mchanganyiko wa nafaka na kunde au maharagwe pia hukamilisha protini, kwa kuwa kile kinachopungua katika kimoja hupatikana katika kingine.

Mukimo nao hunoga wakati huu. Viazi, mahindi mabichi na majani ya maboga huchemshwa pamoja, kisha vikapondwa. Majani hayo sharti yamenywe nyuzi zake kwanza, la sivyo hukwaruza koo. Wengine hutumia thabai badala yake. Majani yake huwasha yakiwa mabichi, lakini moto huuondoa mwasho wote.

Katika Ukambani, mbaazi zilizopandwa na mvua za vuli hukomaa katika miezi hii ya baridi. Mbaazi mbichi hubanduliwa maganda na kuchemshwa na mahindi, au kuungwa kwa kitunguu na nyanya.

VULI NA KIANGAZI: MAVUNO, MAEMBE NA AKIBA

Mvua za vuli hurudisha mboga mashambani, japo kwa kipindi kifupi. Kunde na ndengu hufaa sana wakati huu kwa sababu hukomaa haraka. Ndengu, ambazo Mswahili wa pwani huziita pojo, huhitaji miezi miwili hadi mitatu tu. Kuanzia Novemba, maembe ya Ukambani na pwani huanza kufurika sokoni, na bei hushuka hadi mengine yakamwagwa.

Embe haliliwi likiwa bivu tu. Likiwa bichi hukatwa vipande, likatiwa chumvi na kuanikwa juani, kisha likatengenezwa achari kwa siki, pilipili na viungo. Vipande vingine huwekwa katika mchuzi wa samaki ili kuleta ukali badala ya ndimu au ukwaju.

Kiangazi ndicho mtihani. Kinachopikwa sasa ni kile kilichowekwa: maharagwe makavu, ndengu, mtama, wimbi, na muthokoi. Muthokoi ni mahindi makavu yaliyotwangwa ili kuondoa maganda ya nje, kisha yakapikwa na maharagwe, kunde au mbaazi. Nafaka kavu zilowekwe usiku kucha na maji ya kulowekea yamwagwe. Huiva kwa muda mfupi na hupunguza gesi tumboni. Viazi vitamu vinaweza kuachwa ardhini na kuchimbwa kidogo kidogo. Mihogo hukatwa vipande na kukaushwa kuwa makopa, ambayo baadaye husagwa na kuchanganywa na unga wa mtama au wimbi.

PWANI: KUSI NA KASKAZI

Katika pwani, mpishi huusikiliza upepo pamoja na mvua. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, bahari ikatulia na samaki wakawa tele. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Mawimbi huchafuka na vyombo vidogo haviendi mbali. Samaki waliopatikana wakati wa kaskazi hupasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa kuwa ng'onda, na papa naye hukaushwa vivyo hivyo.

Papa mkavu hulowekwa katika maji ya vuguvugu na kuoshwa mara kadhaa hadi chumvi na mchanga vitoke. Kisha huchemshwa, akachambuliwa na kuungwa kwa kitunguu, nyanya, bizari na tui la nazi. Nazi iliyokunwa hukamuliwa mara mbili au tatu. Tui jepesi ndilo linalotangulia motoni. Lile zito la kwanza hutiwa mwishoni na kukorogwa taratibu bila kuachwa litokote kwa nguvu, lisije likakatika. Utaratibu uo huo hufuatwa katika mchicha, matembele na mchunga wa nazi.

Kisamvu kina sharti la ziada. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo sharti yatwangwe vyema na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kifuniko kabla ya kutiwa nazi.

NAMNA YA KUKAUSHA MBOGA

Majani ya kunde ndiyo rahisi zaidi kukausha nyumbani. Chuma majani machanga asubuhi, uyachague na kuyaosha. Yatose katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili au tatu, kisha uyaopoe na kuyachuja. Yatandaze juu ya mkeka au kitambaa safi, mahali penye upepo na kivuli. Jua kali hukausha upesi lakini huharibu vitamini A; iwapo hapana budi kutumia jua, yafunike kwa kitambaa chepesi, ambacho pia huzuia nzi na vumbi.

Baada ya siku moja hadi tatu, jani likisagika kati ya vidole, limekauka. Yatie ndani ya kibuyu au mkebe wenye kifuniko kinachobana, na uuweke mahali pakavu pasipo mwanga. Siku ya kupika, yaloweke kwa nusu saa, kisha uyaunge kama mboga mbichi.

TAHADHARI: UNYEVU UNAPOGEUKA SUMU

Akiba isiyokauka ni hatari kuliko kukosa akiba. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mengi ya mahindi hayo yalilimwa na familia zenyewe, yakahifadhiwa katika hali ya unyevu.

Moto wa jikoni hauiangamizi sumu hiyo. Kukoboa mahindi kunaweza kuipunguza, lakini hakuiondoi yote. Kinga ni kuyaanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuondoa punje zilizovunjika au kubadilika rangi, na kuyaweka juu ya vichanja ghalani baada ya unyevu kushuka hadi asilimia 13.5.

Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa ya kioo. Tia konzi ya mahindi na vijiko vichache vya chumvi kavu katika chupa kavu, uifunge, uitikise na kuiacha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yangali mabichi. Jaribio hili hutambua unyevu unaozidi takriban asilimia 15 pekee, kwa hivyo hata chumvi isipoganda, ni busara kuyaanika kwa siku nyingine.

MAJIRA YANAPOKOSA KUFUATA KALENDA

Siku hizi mvua haiaminiki kama zamani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha vya kutosha kaskazini na mashariki mwa nchi. Masika ya 2024 nayo yalileta mafuriko yaliyosomba mimea na makao. Akiba ya jikoni haiwezi kuuzuia ukame wa aina hiyo, wala haichukui nafasi ya msaada wa serikali. Lakini kwa familia ya kawaida, mkebe wa kunde kavu na debe la ndengu vinaweza kuongeza wiki kadhaa kabla ya kuanza kukopa dukani.

Jambo la kuanzia ni dogo. Masika yajayo, mafungu mawili ya kunde yachumwe badala ya moja: moja lipikwe jioni hiyo, jingine lianikwe. Na mtoto aitwe aone, kwani atakayeyapika majani hayo mwezi wa Februari huenda akawa ni yeye.