Baridi ya Julai: Lazima Upashe Injini Nusu Saa Ndio Utoke?

Kama unaishi Limuru, Kinangop ama Nyahururu, hii sauti unaijua. Saa kumi na moja asubuhi, jirani amewasha ndai, ameiacha inanguruma kwa ploti, na yeye amerudi ndani kunywa chai. Muulize, atakwambia anapasha injini. Ukweli ni kwamba anachoma mafuta bure, na si hiyo tu.

Hii story ilitoka wapi?

Kwa wazee wetu, na hawakuwa wanadanganya. Enzi za Datsun 1200 gari zilitumia kabureta, na petroli baridi haigeuki mvuke haraka. Ilibidi uvute choki ungoje, la sivyo inakuzimikia kwa geti. Vitz na Demio za siku hizi zina injekta. Sensa inasoma vile injini iko baridi, halafu kompyuta inaongeza mafuta yenyewe.

Sasa ufanye aje?

Washa, ngoja sekunde 30 hadi dakika moja oili izunguke. Funga mshipi, panguza kioo, toka. Injini hupata moto haraka ikitembea kuliko ikisimama. Lakini kilomita chache za kwanza enda pole. Kama dashibodi yako ina ile taa ya bluu ya joto, usikanyage mafuta sana hadi izime. Oili ikiwa baridi bado ni nzito, kwa hivyo kurevu saa hiyo ni kuumiza injini.

Ya dizeli, ngoja ile taa ya alama ya springi izime ndio upige stata. Na kama bado unasukuma pickup ya kabureta, ipe dakika zake.

Noma iko hapa

Usiwahi kuacha gari ikinguruma ndani ya garaji, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, hewa haina rangi wala harufu. Ni ile ile ya jiko la makaa ndani ya keja. Kichwa kinauma, unashikwa na usingizi, halafu huamki. Toa gari nje kwanza, mbali na madirisha.

Kwa hivyo mtumie jirani hii story leo, haswa kama ekzosi yake inaangalia dirisha la chumba mtoto wako analala.