Boti Iliyolala Kambu

Kambu hakuna bahari. Hata mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukitaka maji, unachimba. Ndiyo maana boti ya mjomba, iliyokaa miaka minne juu ya mawe nyuma ya gereji yake, hapa kando ya barabara ya Mombasa, iliwafanya watu wamwite Nuhu. Aliipata kwa mteja aliyeshindwa kulipa deni la kutengenezewa lori.

Sasa mnunuzi kutoka bwawa la Masinga alikuwa anakuja Jumamosi. Injini ikinguruma, atalipa bei ya boti. Ikikataa, itapimwa kwa kilo kama skrapu. Pesa hizo zilikuwa za kumtoa mjomba mtoto wa jicho, kwa sababu siku hizi anatambua spana kwa kuipapasa.

Nikashuka kutoka Nairobi Alhamisi, niwe macho yake. Injini ni dizeli ya zamani, silinda mbili. Tuliiwekea mpira wa maji kutoka kwenye pipa, maana injini ya boti hupozwa na maji ya nje, na ukiiwasha ikiwa kavu unaunguza pampu. Ikawaka vizuri tu. Baada ya dakika kumi ikaanza kusinzia, ikafa. Nikabadilisha filta. Tukatoa hewa kwenye pampu ya dizeli. Dakika kumi, ikafa tena. Nikasema ni nozeli, tuzinunue.

"Wewe unauliza inaumwa nini," mjomba akasema. "Mimi nauliza ililala vipi."

Usiku huo swali hilo lilinirudisha kwenye kitu nilichosoma chuoni. Mwaka wa 1913 kiwanda cha Meyer, kule Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli, kikaifungua vipande vipande na kuipakia kwenye makasha. Ikaunganishwa upya Kigoma na kuingizwa majini 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata vita viliwabana Wajerumani, wakaamua kuizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliotoka nayo kiwandani walikuwa bado pale. Kabla ya kuizamisha, walipaka mitambo yake grisi nzito. Tarehe 26 Julai 1916 ikashushwa ziwani karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Waingereza waliiinua mwaka wa 1924. Mitambo ile ya mvuke ilikuwa bado inafaa! Mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mvuke wake haukung'olewa kupisha dizeli hadi miaka ya 1970. Vitabu vinapenda kusimulia makamanda wa vita vile vya ziwani. Mimi ningempa nishani aliyeshika kopo la grisi. Hebu fikiria: umeshindwa, adui yuko njiani, na bado unapaka grisi chuma ambacho huenda usikione tena.

Na si ati meli zilikuwa hadithi za mbali na sisi. SS William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, mwaka wa 1890, nayo ikaletwa Mombasa ikiwa vipande. Haikuelea Kisumu hadi 1900, mwaka mmoja na zaidi kabla ya reli kufika ziwani. Vipande vyake vililazimika kupita nyika hii yetu. Mwaka uleule wa 1890 kampuni ya huyo Mackinnon ilianza kukata barabara ya mikokoteni kutoka pwani hadi Kibwezi, hapo juu tu. Boti ya mjomba basi haikuwa chombo cha kwanza kusafiri nchi kavu huku. Miaka kumi, chuma cha meli kikisubiri! Nani alikifunika, nani alikiacha kwenye mvua? Jina lililobaki ni la mwenye kampuni. Wabeba mizigo hawakuandikwa ubavuni.

Ijumaa asubuhi nikamjibu mjomba: ililala nje, chini ya turubai, na tangi nusu. Akaniambia niiwashe, nisiguse kitu. Yeye akaketi kwenye tairi, ameinamisha kichwa. Dakika ya nane sauti ikaanza kulegea. "Fungua kifuniko cha tangi. Pole pole."

Nikazungusha. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini. Injini ikakaa sawa.

Dizeli inapotoka tangini, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Kuna kimrija cha kazi hiyo, chembamba kama kidole. Nikachomeka waya ndani. Ukatoka udongo mkavu, na mabawa. Nyigu walikuwa wamejenga humo. Kwa miaka minne boti haikwenda popote, na wao wakaona ni nyumba.

Jumamosi injini ilinguruma dakika arobaini mbele ya mnunuzi, akahesabu noti bila maneno mengi. Mjomba akamzuia asiondoke. Aliomba mkasi, akakata kipande cha wavu wa dirisha, akakifunga kwa waya kwenye mdomo wa kile kimrija, akipapasa tu, huku anamuuliza ataiweka wapi msimu wa kiangazi.